Kutoga kitovu si sawa na kutoga sikio
Wengi huambiwa kitovu kilichotogwa hupona kama ndewe ya sikio: wiki 6 hivi, basi. Si kweli. Kitovu huchukua miezi 6 hadi mwaka, pengine zaidi, kwa sababu hapo mwili hujikunja kila ukikaa, na kiuno cha jinzi husugua kidonda kutwa. Tena hudanganya: juu pameshapona, ndani bado pabichi. Ndipo watu hubadilisha kipini mapema wakajitonesha. Ukisafisha kidonda, spiriti nayo iache, huunguza nyama changa. Maji ya chumvi ya duka la dawa, yale ya asilimia 0.9, yanatosha. Pakitunga usaha, usikichomoe kipini, maana tundu likiziba usaha hubaki ndani. Nenda hospitali nacho hivyo hivyo.