Elimu maalumu: anayeisomea husomea nini?

Mpwa wangu alipopata nafasi ya kwenda Dodoma kusomea elimu maalumu, bibi yake pale Mkoani alimuuliza, "Ndo' udaktari wa viziwi huo?"

"Hapana bibi, ualimu."

"Sasa ualimu si umo hapa hapa Pemba?"

Simlaumu bibi. Jina lenyewe linachanganya, maana tukisikia "elimu maalumu" wengi wetu tunalibandika neno "maalumu" kwa mtoto, kumbe sifa hiyo ni ya elimu. Anayeisomea chuo kikuu hajifunzi kutibu jicho wala sikio. Hiyo ni kazi ya hospitali. Hujifunza kulibadili somo, vifaa na darasa hadi mtoto asiyeona, asiyesikia, mwenye usonji au ulemavu wa akili naye aondoke na kitu kichwani.

Ni miaka 3 ya shahada. Humo mna saikolojia na mitaala kama ualimu mwengine wowote, mna kupima mahitaji ya mtoto, mna lugha ya alama, ambayo ina sarufi yake na si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Na mna nukta nundu, iliyomtoa jasho mpwa wangu.

Nukta nundu ni maandishi ya kusomwa kwa vidole. Kila herufi hupatikana ndani ya nafasi ya nukta 6, tatu kushoto na tatu kulia. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, aliuchapisha mfumo huu mwaka 1829. Kuzikariri herufi si tabu sana. Tabu ni kuandika kwa kibao na kalamu ya ncha: karatasi hudungwa kwa nyuma ili nundu zitokeze mbele, kwa hivyo mkono hutoka kulia kwenda kushoto na kila herufi huandikwa imegeuzwa. Mpwa wangu alitamba kwamba kulia kwenda kushoto amekuzoea tangu chuoni kwa maalimu, kwenye kusoma Qur-ani. Wiki ya kwanza kila d yake ikasomeka f, kwa sababu ukiisahau kuigeuza d, ukilipindua karatasi unaipata f. Na la kushangaza zaidi, Kiarabu cha nukta nundu, Qur-ani ikiwemo, husomwa kushoto kwenda kulia.

Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, ufundi ni wa namna nyengine: kazi moja huvunjwa vipande vidogo vidogo. Chukua kufunga kifungo cha shati la skuli. Shika kifungo, shika tundu, sukuma, vuta upande wa pili. Mara nyingi mwalimu huanza na kipande cha mwisho: yeye hufanya vyote, mtoto akavuta tu. Kila siku mtoto anamaliza kazi mwenyewe, na siku zikienda anaongezewa kipande cha nyuma yake.

Kuna jina jengine linalosikika zaidi Zanzibar, elimu mjumuisho. Bara husema elimu jumuishi. Watu huichukulia hiyo na elimu maalumu kuwa kitu kimoja. Mjumuisho ni utaratibu wa mtoto kusoma skuli ya mtaani kwake pamoja na wenzake, na skuli ndiyo ijirekebishe. Wazo hilo lilipata nguvu kwenye Tamko la Salamanca, Hispania, mwaka 1994, kisha likaingia kifungu cha 24 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009. Wapo wanaodhani mjumuisho umewaondolea kazi waliosomea elimu maalumu. Mimi naona umewaongezea. Kiziwi akikalishwa darasa lililofurika, na hakuna hata mmoja anayejua lugha ya alama, hapo amejumuishwa kwenye daftari la mahudhurio tu.

Mpwa wangu alirudi Pemba kwa tipii, yaani mazoezi ya kufundisha. Darasani alimkuta mtoto mwenye ualbino amekaa karibu na dirisha, jua linampiga usoni, anakunja macho, na ubaoni haoni kitu. Alimhamishia dawati la mbele, upande wa kivuli, akawa anaandika kwa herufi kubwa na kusoma kwa sauti kila anachoandika.