Je, Wajua Kwa Nini Wachopozi wa London Walivaa Kama Mabwana?

Katika London ya karne ya 19, bwana aliyegundua kwamba saa yake ya dhahabu imetoweka mlangoni mwa jumba la maonyesho aligeuka upesi kumtafuta mtoto mwenye nguo zilizochanika, ilhali huenda mwizi wake alikuwa amesimama ubavuni pake, amevaa glavu safi, kofia ndefu ya hariri na koti lililoshonwa na fundi hodari. Wezi wa namna hiyo walikuwa na jina lao la mitaani. Waliitwa “swell mob”, yaani genge la watanashati, na jina hilo lilitumika kwa miongo mingi magazetini, mahakamani na katika vituo vya polisi.

Ushahidi mzuri kuhusu asili ya jina hilo tumeachiwa na mwizi mwenyewe. James Hardy Vaux, Mwingereza aliyepelekwa uhamishoni New South Wales, koloni la Uingereza huko Australia, kwa makosa ya wizi, alikusanya huko mwaka 1812 msamiati wa lugha ya siri ya wezi, nao ukachapishwa London mwaka 1819. Anaeleza kwamba miongoni mwa wezi “swell” ni bwana mwenye hadhi, lakini pia mtu yeyote aliyevaa vizuri. Kwa hiyo neno lilimhusu kwanza mtu wa kuibiwa, kisha likamhamia mwizi aliyejifananisha naye. Neno “mob”, ambalo kwa watu wengine lilimaanisha umati wenye ghasia, kwa wachopozi lilikuwa na maana finyu zaidi: kikosi kidogo cha watu wachache wanaoiba pamoja na kugawana mapato.

Mavazi hayo hayakuwa majivuno tu. Mali iliyostahili kuibiwa ilikuwa mahali ambapo mtu mwenye matambara hakukaribishwa, kama vile kwenye majumba ya maonyesho, minada, majukwaa ya mbio za farasi na mabehewa ya daraja la kwanza. Sheria nayo ilimwangalia mtu kwa sura yake. Sheria ya Uzururaji ya mwaka 1824 iliruhusu kukamatwa kwa mtu “anayeshukiwa” au anayejulikana kuwa mwizi, akikutwa akirandaranda barabarani kwa nia ya kutenda uhalifu, hata kama hajaiba chochote. Naona hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, kwa sababu sheria hiyo iliwaelemea maskini, huku mchopozi aliyeweza kumlipa fundi cherehani akipita mbele ya askari bila kuulizwa neno.

Hatari ya kukamatwa ilikuwa kubwa. Kuanzia mwaka 1565, kumchopoa mtu kwa siri mali inayozidi thamani ya shilingi moja kulikuwa kosa la kunyongwa, na adhabu hiyo iliondolewa mwaka 1808 tu, kwa juhudi za mbunge Samuel Romilly. Baada ya hapo mchopozi bado aliweza kusafirishwa hadi Australia.

Mbinu ya kuvaa kibwana ilikuwepo kabla ya jina lenyewe. George Barrington, mzaliwa wa Ireland, alijulikana London yote katika robo ya mwisho ya karne ya 18 kwa adabu zake na ufasaha wake mbele ya mahakimu, na inasimuliwa kwamba aliwahi kuingia katika hafla ya kifalme akiwa amevaa kama kasisi. Mwaka 1775, katika jumba la maonyesho la Covent Garden, alijaribu kumwibia Orlov, mkuu wa Kirusi, tabakelo, yaani kikopo cha ugoro, iliyopambwa kwa almasi, ambayo ilisemekana kuwa na thamani ya pauni 30,000. Orlov alihisi mkono, akamshika. Barrington akairudisha tabakelo, na mwenye mali hakutaka kumshtaki. Bahati yake iliisha mwaka 1790 alipohukumiwa kupelekwa Australia, na huko, katika mji wa Parramatta, akaja kuwa mkuu wa askari.

Barrington alisifika kama mtu mmoja, ila watanashati wa karne iliyofuata walitegemea mgawanyo wa kazi. Mmoja au wawili walikuwa wazuiaji: walisimama ghafla mbele ya mlengwa, wakamsukuma kidogo kama watu wanaosongwa na umati, au wakamuuliza njia kwa heshima kubwa. Wakati huo macho ya mlengwa yalikuwa usoni mwa anayezungumza naye, na kiwiliwili chake kilikuwa kimebanwa kiasi kwamba hakuweza kutofautisha mguso wa mwizi na misukumo mingine. Ndipo fundi wa mkono alipoingia kazini. Saa ilikaa katika mfuko wa kizibao, imefungwa kwa mkufu, naye aliitoa kwa vidole viwili na kuikata pete inayoiunganisha na mkufu kwa kuipinda mara moja. Bila kukaa nayo hata nukta chache, alimpa mwenzake wa tatu, ambaye aliondoka kwa mwendo wa kawaida. Mlengwa alipopiga kelele, fundi wa mkono hakukimbia. Alibaki pale pale akiwa amekasirika kama bwana aliyetukanwa, tayari kupekuliwa, na mifuko yake haikuwa na kitu kisicho chake.

Reli iliwapanulia eneo la kazi. Kuanzia miaka ya 1830 waliweza kuiba asubuhi kwenye mbio za farasi za mbali na jioni wakala chakula London, na hapo polisi wakalazimika kujifunza kuzitambua nyuso zao. Idara ya kwanza ya askari kanzu wa London iliundwa mwaka 1842 ikiwa na wakaguzi 2 na masajini 6 tu. Charles Dickens, aliyewahoji baadhi yao kwa ajili ya jarida lake mwaka 1850, alisimulia kisa cha siku ya mbio za farasi za Epsom. Watanashati wanne walimsonga mtu mmoja aliyefuatana na askari hao na kumchomoa pini ya almasi kwenye shati. Sajini mmoja alimwona aliyeichukua pini, na katika purukushani akaugusa kwa siri mkono wake kama ambavyo mwenzake angefanya, na mwizi akamkabidhi pini yeye mwenyewe. Kisa hicho kinaonyesha kuwa mbinu iliyowakinga ndiyo iliyoweza kuwaponza, kwa kuwa mpokeaji hakupaswa kutazamwa usoni.

Mwaka 1851, Maonyesho Makuu ya bidhaa na mashine za mataifa mbalimbali yalipofunguliwa katika jumba la vioo kwenye bustani ya Hyde Park na kupokea wageni zaidi ya milioni 6 katika muda usiotimia miezi sita, watu wengi waliogopa kwamba genge hilo lingevuna bila kizuizi. Askari wengi waliwekwa ndani na nje ya jumba la vioo, na visa vya uchopozi vilivyojitokeza vilikuwa vichache kuliko ilivyohofiwa.

Kilichowapunguzia kinga watanashati hao zaidi ni kumbukumbu za serikali. Sheria ya mwaka 1869 iliagiza kuwe na rejista ya wahalifu, na ile ya mwaka 1871 ikaongeza utaratibu wa kupiga picha watu waliohukumiwa. Kabla ya hapo, mtu aliyefungwa Manchester angeweza kufika London na jina jipya na koti jipya, akajieleza mahakamani kuwa mfanyabiashara anayekamatwa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Sasa picha yake iliweza kumfuata. Mwaka 1901 Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, ilianzisha ofisi ya alama za vidole chini ya Edward Henry, na tangu hapo karani aliweza kujua rekodi ya mtuhumiwa kwa vidole vyake, bila kujali alikuwa amevaa nini alipokamatwa.