Viza ya kusafiri na mwenza Mzungu: nchi mnayokwenda ndiyo inayoamua

Mtanzania aliyeolewa na Mjerumani anataka kwenda naye Italia wiki mbili. Kwenye dirisha la maombi anaambiwa alete ada ya yuro 90, taarifa za benki, bima ya safari na barua ya mwajiri. Vyote vinne havimhusu. Akiomba viza ya kwenda Ujerumani kwa wakwe zake, anaweza kudaiwa nyaraka hizo na ubalozi ukawa haujakosea. Mume ni yuleyule na ndoa ni ileile.

Tofauti inatokana na Agizo 2004/38/EC, sheria ya Umoja wa Ulaya inayompa raia wake uhuru wa kwenda na kuishi katika nchi mwanachama isiyo yake. Haki ya mke au mume asiye raia wa Umoja inategemea uhuru huo. Mjerumani akienda Italia anautumia, kwa hiyo mwenza anayefuatana naye, au anayemfuata huko, analindwa. Akiwa kwao, zinatumika sheria za kwao, isipokuwa pale wawili hao walipoishi kwa dhati katika nchi nyingine ya Umoja na sasa wanarejea. Ndoa na Mwingereza haimo tena kwa kuwa Uingereza ilijitoa kwenye Umoja: tangu 1 Januari 2021, mke wa Mwingereza anayeishi London huomba viza kama mtalii mwingine yeyote.

Agizo halifuti viza. Mtanzania, Mkenya na Mkongo bado wanaihitaji, ila wanapaswa kuipata bure, kwa utaratibu wa haraka, na kwa nyaraka chache: pasipoti yako, pasipoti au kitambulisho cha mwenza, cheti cha ndoa, na uthibitisho kwamba mnasafiri pamoja au unamfuata. Huo wa mwisho ndio unaosahaulika sana. Tiketi za wote wawili zinatosha, au barua ya mwenza yenye saini, tarehe na mji mtakaofikia. Kama yeye ametangulia, ionekane kwamba utakapofika atakuwa yupo.

Cheti nacho kiwe cha serikali. Karatasi ya sheikh au mchungaji ambayo haijasajiliwa huzua maswali. Kwa Tanzania Bara, usajili uko RITA, wakala wa serikali wa usajili. Cheti kikiwa cha Kiswahili, tarajia kuombwa tafsiri rasmi.

Kwenye fomu ya viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, angalia alama ya nyota (*). Vipengele namba 21, 22, 30, 31 na 32 vina alama hiyo, na mwanafamilia wa raia wa Umoja haruhusiwi kudaiwa avijaze: ni kazi, mwajiri, mwenyeji na nani analipia safari. Cha kujaza ni 17 na 18, taarifa za mwenza na uhusiano wenu. Wengi hufanya kinyume: wanajaza mwajiri, wanaacha 17 wazi, kisha ombi linashughulikiwa kama la mtalii wa kawaida.

Balozi nyingi zimekabidhi upokeaji wa maombi kwa kampuni binafsi. Una haki ya kupeleka ombi lako moja kwa moja ubalozini bila gharama; ukiamua mwenyewe kupitia kampuni, ada yake ya huduma ni yako. Ni vizuri kuandika barua pepe ubalozini mapema na kutaja Ibara ya 5(2) ya Agizo. Aghalabu hilo hufupisha mabishano.

Waliokwisha hamia Ulaya wasome maneno yaliyoandikwa kwenye kadi zao. Kadi ya ukaazi ya mwanafamilia wa raia wa Umoja, ile ya Ibara ya 10, inaondoa haja ya viza unaposafiri na mwenza wako. Mke wa Mjerumani anayeishi naye Madrid huwa nayo, na anaweza kwenda naye Dublin bila viza. Anayeishi na mumewe Berlin kwa kawaida ana kibali cha sheria ya Ujerumani. Kinamtosha kuzunguka Schengen siku 90 katika kila siku 180, lakini Ireland haimo Schengen. Ataomba viza ya huko, nayo ni bure.

Ukifika mpakani bila viza, Ibara ya 5(4) inawataka maafisa wakupe nafasi ya kuthibitisha ndoa yenu kabla ya kukurudisha. Usiitegemee. Shirika la ndege hutozwa faini kwa abiria asiye na hati, kwa hiyo utakwama kaunta ya uwanja wa Dar es Salaam kabla hujamwona afisa yeyote wa Ulaya. Hata ukiwa na viza, cheti cha ndoa kikae kwenye mkoba wa mkononi.

Ombi linaweza kukataliwa kwa sababu za usalama, utulivu wa umma, afya ya umma, au ndoa ya bandia na udanganyifu mwingine. Upungufu wa fedha benki si sababu. Kukataliwa lazima kuwe kwa maandishi yenye sababu na njia ya kukata rufaa. Muda wa rufaa hutofautiana kwa kila nchi, na huwa umeandikwa kwenye barua hiyohiyo.