Krismasi ya Kariakoo: yanayosemwa na yalivyo

Novemba haijafika katikati, tayari madukani kuna miti ya plastiki yenye taa, na kwenye magrupu ya WhatsApp yale maneno ya kila mwaka yameanza: wafanyabiashara wameiharibu Krismasi, Kariakoo haipitiki, bei zimepaa. Machache ni kweli. Mengine tunarithishana tu.

Dhana: Wanaianza mapema ili watukamue

Anayesema hivi anaiangalia biashara akiwa amesimama mbele ya fremu. Aiangalie kutokea bandarini. Gauni la mtoto linaloning'inia Mtaa wa Kongo katikati ya Desemba mara nyingi liliagizwa China, Guangzhou au Yiwu, mnamo Agosti au Septemba. Mzigo hukaa ghala la huko ukisubiri kontena lijae, kwa sababu si wengi wenye mtaji wa kujaza kontena peke yao. Kisha mwezi hivi baharini. Kisha wakala wa forodha, kodi, na siku za kuutoa bandarini. Juu ya hayo, viwanda vingi vya China hufungwa wiki ya kwanza ya Oktoba kwa sikukuu ya taifa lao, hivyo aliyezubaa Septemba anaweza kupokea nguo za Krismasi wakati wenzake wanahangaikia ada.

Mzigo ukishashuka Oktoba, mtaji wa mtu umelala humo. Hawezi kuufunika turubai akisubiri kanisa liwashe mshumaa wa kwanza wa Majilio, wiki za kuingojea Krismasi.

Tena Kariakoo si soko la Dar es Salaam peke yake. Wenye maduka wa Songea na Kigoma, na wenzao wa Kongo, Zambia, Malawi na Komoro, huja kuchukua mzigo wa jumla wiki nyingi kabla yetu. Yule wa Songea naye anahitaji muda wa kusafirisha, kupanga dukani na kuuza rejareja. Krismasi yake lazima itangulie ya kwako unayepanda mwendokasi tarehe 23 kwenda kununua viatu.

Dhana: Krismasi ya mapema ni mambo ya juzi

Marekani wameanza kuvutana kuhusu jambo hili zaidi ya miaka mia iliyopita. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtetezi wa wafanyakazi Florence Kelley na wenzake waliwahimiza wanunuzi wawahi, na sababu yao ilikuwa huruma: wauzaji wa madukani, wengi wao wasichana, walikuwa wakisimama hadi usiku kila Krismasi ikikaribia. Wenye maduka walilipenda wazo hilo kwa sababu zao wenyewe. Mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt aliisogeza sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving), ambayo baada yake manunuzi ya Krismasi hupamba moto, kutoka Novemba 30 hadi Novemba 23 ili msimu wa manunuzi urefuke kwa wiki moja. Baadhi ya majimbo yaligoma, na mwaka huo taifa moja likala sikukuu moja kwa tarehe mbili. Bunge lao lilimaliza ubishi mwaka 1941 kwa kuipanga Alhamisi ya nne ya Novemba. Na Ufilipino, nchi yenye Wakatoliki wengi, nyimbo za Krismasi husikika madukani kuanzia Septemba, wala hawaoni haya.

Dhana: Black Friday ilikuwa siku ya kuuza watumwa kwa bei ya chini

Black Friday, yaani "Ijumaa Nyeusi", ni siku ya punguzo la bei inayofuata Shukrani ya Marekani. Dhana hii husambazwa kila Novemba, na picha ya minyororo juu. Haina msingi. Utumwa Marekani ulipigwa marufuku mwaka 1865. Jina hili kwa maana ya manunuzi lilianzia Philadelphia miaka ya 1950 na 1960, likiwa jina la kulalamika. Polisi wa mji huo ndio waliolitumia, kwa sababu siku moja baada ya Shukrani mji ulijaa wanunuzi pamoja na mashabiki waliokuja kwa mechi kubwa ya Jumamosi kati ya timu za jeshi la nchi kavu na la majini. Hadithi kwamba siku hiyo maduka hutoka kwenye hasara (wino mwekundu wa vitabu vya hesabu) na kuingia kwenye faida (wino mweusi) ilikuja baadaye, kulisafisha jina.

Dhana: Umati wote ule unanunulia Krismasi

Simama nusu saa tu kwenye duka la viatu. Mama anatoa njiti ya ufagio kwenye pochi, imekatwa kwa urefu wa mguu wa mtoto aliyebaki nyumbani. Anaisukuma ndani ya kiatu hadi ncha iguse mwisho. "Kaka, nipe kinachozidi kidogo, akue nacho." Kiatu chenyewe ni cheusi, cha kamba. Ni cha shule. Muhula wetu unaanza Januari, kwa hiyo sare, mabegi na madaftari yanabebwa kwenye mfuko uleule wenye gauni la sikukuu. Ndiyo maana anayesubiri viatu vya shule vishuke bei mkesha wa Krismasi husubiri bure: muuzaji anajua vitauzika Januari. Kitakachoshuka ni kile chenye picha ya kofia nyekundu.

Dhana: Watu wakijaa, muuzaji hupandisha bei

Wapo wanaopandisha. Lakini pesa nyingi mteja huipoteza kabla hajafika kwa mwenye duka. Anapokelewa njiani na winga, kijana asiye na mzigo wala fremu, anayejua kila kitu kilipo. "Dada yangu, sema unataka nini, usihangaike." Atakupeleka, na ataweka cha juu chake. Kazi yake ni halali na mgeni wa mji humfaa sana. Kosa ni kulipa cha juu halafu kuilaumu Krismasi. Ingia madukani mwenyewe, uliza sehemu tatu, ndipo uombe bei ya mwisho.

Dhana: Desemba nauli haina mwenyewe

Inaye. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, huweka nauli kikomo, na kikomo hicho hakifutwi na sikukuu. Hoja ya wenye mabasi kwamba gari linajaa kwenda Moshi na kurudi tupu ina ukweli, ila haihalalishi kuzidisha. Dai tiketi yenye kiasi ulicholipa.

Dhana: Januari ngumu ni matokeo ya kula sana Krismasi

Pilau inasingiziwa. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema, kabla ya sikukuu. Ukiupokea tarehe 22 na unaofuata ukaingia Januari 31, hizo ni siku 40 kwa mshahara uliozoea siku 30, na katikati yake kuna ada, nauli ya kurudi, na kwa wapangaji wengi, kodi ya nyumba ya miezi kadhaa kwa mkupuo.