Nakuru haina uhaba wa maegesho

Kila wafanyabiashara wa katikati ya mji wa Nakuru, Kenya, wanapokutana, hakosi wa kusimama na kusema biashara imekufa kwa kukosa maegesho. Juzi nimeyasikia tena, na wenzangu wa mipango miji wakawa wanatikisa kichwa kukubali. Hao ndio walioniudhi.

Pita Kenyatta Avenue saa mbili asubuhi. Nafasi za mbele ya maduka zimeshajaa, na milango mingine bado ina kufuli. Magari ya nani hayo? Ya wenye maduka, ya wafanyakazi wao na ya watu wa ofisi za ghorofani. Yatashinda hapo, kwa kuwa ada ni ya siku nzima: ukishalipa, uondoke kwa nini? Nafasi ya mita 2.5 kwa 5, ambayo ingepokea wateja wanane wa saa moja moja, inabeba gari moja tu kutwa. Ongeza nafasi 100 leo, kesho hao hao watazijaza kabla ya saa tatu. Tutoze kwa saa mbele ya maduka, na wanaoshinda kutwa waegeshe pembeni ya mji.

Tena wateja wengi hawana gari. Matatu zilipoondolewa katikati ya mji mwaka 2020, wakati wa korona, wenye maduka ndio waliolia. Mama aliyeshushwa mbali, mtoto mgongoni, hafiki kwa muuza vitambaa. Hununua pale pale aliposhuka. Zilirudishwa 2022, na bado tunajadili magari!

Na maduka ya mitaa ya makazi, kwa ufupi: sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ploti ya makazi haijageuzwa kuwa ya biashara. Kibali kikitolewa ovyo, maduka hutawanyika na kufungwa moja moja. Yakusanywe karibu na steji za matatu, ili mama mboga, kinyozi na duka la dawa wapeane wateja.

Hofu yangu ni utekelezaji. Askari wa maegesho anayefahamiana na kila mwenye duka atawatoza kweli kila saa? Na wenye magari huenda wakahamia maduka makubwa yenye maegesho yao. Ningeanza na barabara moja kwa miezi sita, na kitakachohesabiwa kiwe watu wanaoingia madukani.