Kukosoa sera ya uchumi: tulichojifunza kwenye tozo ya miamala ya simu

Tarehe 10 Juni 2021, Waziri wa Fedha na Mipango, Dk. Mwigulu Nchemba, alisoma bungeni Dodoma bajeti ya mwaka 2021/22. Ndani yake lilikuwamo pendekezo la kutoza kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa kila muamala wa kutuma au kutoa pesa kwa simu. Serikali ilitarajia kupata humo zaidi ya shilingi trilioni 1.2, nyingi zikienda kwenye barabara za vijijini, madarasa na vituo vya afya. Hotuba ilisikika nchi nzima. Bunge likapitisha, Rais akasaini, magazeti yakaandika. Kelele zenyewe zilianza tarehe 15 Julai, watu walipotuma pesa nyumbani wakaona makato.

Sisi tunaofanya kazi ya kuchambua bajeti tumeulizwa mara nyingi tangu wakati ule: raia wa kawaida ana ruhusa gani kumkosoa kiongozi kuhusu uchumi, na akikosoa, inasaidia nini? Kesi ya tozo inajibu maswali yote mawili kuliko nadharia yoyote, kwa sababu ni sera iliyobadilishwa mara kadhaa mbele ya macho yetu.

Siku chache baada ya makato kuanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza malalamiko yafanyiwe kazi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikwenda Mahakama Kuu. Septemba 2021 viwango vikashushwa kwa asilimia 30, kiwango cha juu kikawa shilingi 7,000. Julai 2022 kiwango hicho kikashuka tena hadi 4,000, lakini tozo ikapanuliwa kuingia kwenye miamala ya benki, na watu wakapiga kelele upya. Septemba mwaka huohuo Waziri akarudi bungeni kutangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba baadhi ya tozo hizo zinafutwa, ikiwamo ya kuhamisha pesa kati ya benki na simu. Mwaka 2023 tozo ya kutuma ikaondolewa.

Ukiangalia mfululizo huo, jiulize ni maneno gani yalifanya kazi. Mitandaoni yalijaa matusi, vichekesho na picha za kumkejeli Waziri. Sidharau kejeli, ndiyo iliyowafanya watu wengi wajue jambo lipo. Ila hoja iliyodumu hadi sheria ikabadilika ilikuwa fupi na ya kiufundi: pesa moja inakatwa mara mbili. Anayetuma anakatwa, anayepokea akienda kwa wakala kutoa anakatwa tena. Kila Mtanzania anaijua kauli ya "tuma na ya kutolea". Tozo iliifanya hiyo "ya kutolea" iwe nzito kwa mtu aliyemtumia mama yake pesa ya dawa, na hata ofisa wa hazina hana namna ya kuikana hesabu hiyo.

Hoja ya pili ilihusu usawa. Tozo yenye kikomo cha shilingi 10,000, kwa anayehamisha milioni 5, haizidi asilimia 0.2 ya pesa yake. Kwa anayetuma kidogo, sehemu inayokatwa ilikuwa kubwa zaidi. Ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ilistahili kusemwa mapema kuliko zote, ni kwamba makadirio ya mapato yanategemea watu kuendelea kutuma kama zamani. Watu si mawe. Ukiwakata, watashika taslimu, watampa bahasha kondakta wa basi la mkoani, watasubiri mtu anayesafiri. Mbunge au mwananchi aliyesoma muswada mwezi Juni angeweza kuuliza: trilioni hiyo imekokotolewa kwa kudhani miamala itapungua kwa kiasi gani?

Hapo ndipo pana udhaifu wetu. Tunakosoa sera ikiwa imeshakauka. Maandalizi ya bajeti huanza mapema sana: Wizara ya Fedha hukusanya mapendekezo ya kodi miezi mingi kabla, mpango na mwongozo wa bajeti hujadiliwa bungeni Novemba, wizara moja moja hupeleka makadirio yake kuanzia Aprili, na Muswada wa Sheria ya Fedha hufika Kamati ya Bunge ya Bajeti mwezi Juni. Kamati hukaribisha maoni ya wadau. Wanaokwenda ni wenye viwanda, kampuni za simu, benki na wakaguzi wa hesabu. Mama lishe na wakala wa mtaani hawapo, na siku walizopewa wadau ni chache mno. Hilo nalo linafaa kukosolewa.

Upande wa haki, Katiba ya Tanzania haina utata. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Ibara ya 138 inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, maana yake kodi ni jambo la kujadiliwa hadharani. Kusema "Waziri amekosea hesabu" ni maoni. Kusema "Waziri ameiba" ni tuhuma ya jinai, na inahitaji ushahidi.

Lakini nitakuwa sisemi ukweli nikiishia kwenye Katiba. Watu wamekamatwa na kushtakiwa kwa walichoandika. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi. Benki ya Dunia ikapinga waziwazi, na mwaka 2019 Bunge likalegeza masharti hayo. Kwa mchumi, kipindi kile kilikuwa kigumu: huwezi kuhakiki mfumuko wa bei ikiwa namba yako mwenyewe ni kosa.

Viongozi kukasirikia ukosoaji si jambo jipya. Oktoba 1966 wanafunzi takriban 400 waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mishahara yao ya mwanzo, wakawasema viongozi kwamba wao wanalipwa vizuri. Mwalimu Nyerere aliwafukuza chuo. Palepale akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Adhabu ilikuwa kali, lakini hoja yao kuhusu mishahara ya wakubwa ilimfika.

Kwa anayetaka kuandikia Kamati ya Bajeti mwezi Juni, ukurasa mmoja unatosha. Taja muswada na namba ya kifungu. Eleza kinachopendekezwa kwa maneno yako, kisha weka mfano wa shilingi: mtu wa kipato fulani atalipa kiasi gani zaidi kwa mwezi. Andika maneno unayotaka yawekwe badala ya yaliyopo, na useme pesa itakayokosekana itoke wapi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zinazowasilishwa bungeni mwezi Aprili, huonyesha palipovuja, kwa wizara na halmashauri, na hazilipiwi kuzisoma. Nakala ya barua yako mpe pia mbunge wako.