Blugili 8, krapi 8, saa 6: hesabu ya mashindano juu ya barafu

Maziwa ya Minnesota, Wisconsin na Michigan yakishaganda, watu hutoboa barafu na kuvua samaki bapa wanaoenea kikaangoni wakiwa wazima: blugili, krapi na jamaa zao. Katika mashindano, utaratibu uliozoeleka ni timu ya watu 2 kuleta mizanini idadi iliyowekwa, tuseme blugili 8 na krapi 8, kati ya saa 2 asubuhi na saa 8 mchana. Mshindi hupatikana kwa uzito wa jumla. Timu nyingi zinaijua kanuni hii, lakini zikifika ziwani huvua kana kwamba kinachohesabiwa ni wingi.

Uzito wa samaki hauongezeki sambamba na urefu wake. Urefu ukiongezeka, upana na unene navyo huongezeka, kwa hiyo blugili wa inchi 9 anamzidi wa inchi 8 kwa asilimia 40 hivi, ingawa kwa macho tofauti yao ni upana wa kidole. Blugili 8 wa inchi 9 wana uzito wa zaidi ya blugili 11 wa inchi 8, na kanuni haikuruhusu kuleta 11. Ndiyo maana nasema kila dakika unayoketi juu ya tundu linalotoa samaki wadogo mfululizo ni hasara, hata kama mkono hautulii kwa kuvuta. Tundu la namna hiyo ndilo linaloziangusha timu nyingi, maana linafurahisha.

Kabla ya siku yenyewe kuna siku za kulipeleleza ziwa. Wakati huo kazi yako ni kuwaona samaki, si kuwachosha. Shusha kamera ya majini, tazama aina na ukubwa, weka alama kwenye ramani ya simu, ondoka. Ukimvua blugili mkubwa leo, unaweza kuwa umemvua yule uliyemhitaji kesho. Mwanzo wa msimu tafuta kwenye magugumaji ya kina kifupi ambayo bado ni mabichi. Theluji ikirundikana juu ya barafu, mwanga hupungua, magugu hufa, na kuoza kwake hula oksijeni. Samaki huhamia mabonde yenye kina. Huko chini maji yana karibu nyuzi 4 za Selsiasi, maana maji hufikia uzito wake wa juu kwenye joto hilo na kutulia chini, wakati yale yanayogusa barafu yako kwenye sifuri. Krapi wa katikati ya msimu huelea juu ya sakafu ya bonde, wakati mwingine futi 10 juu yake, na mtu anayevua chini kabisa hawaoni.

Mahali ninapopaamini kuliko pengine pote ni pale mchanga mgumu unapokutana na tope laini. Ndani ya tope mna mabuu ya visubi wasiouma, chakula kikubwa cha samaki hawa wakati wa baridi. Sona, kifaa kinachoona chini ya maji kwa mwangwi wa sauti, itakuonyesha mpaka huo bila kamera: sakafu ngumu hutoa mstari mnene mwekundu, na mara nyingi mwangwi wa pili chini yake, tope hutoa mstari mwembamba uliofifia.

Tukiwa bado kwenye sona, fahamu kwamba miali yake hutanuka kama koni. Kipokezi chenye koni ya nyuzi 20, kwenye maji ya kina cha futi 20, kinaona duara la futi 7 sakafuni. Cha nyuzi 9 kinaona futi 3 tu. Koni pana inafaa kutafutia, nyembamba inafaa unapovua karibu na magugu au kwenye mteremko. Samaki aliye ukingoni mwa koni huonekana kama uzi wa kijani, na huonekana yuko chini kuliko alivyo kweli, kwa kuwa kifaa kinapima umbali wa mshazari. Akisogea katikati rangi inageuka nyekundu na alama inanenepa. Ukiona alama ya kijani inayokuja na kupotea, usishushe chambo kuifuata. Kiweke juu yake kidogo. Samaki hawa, hasa krapi, hutazama juu wakitafuta chakula, na chambo kilichopita chini yao ni kama hakipo.

Toboa matundu mengi mapema, kabla ya kuvua. Keekee ya inchi 6 inatosha kwa samaki wa ukubwa huu, ni nyepesi na inakata haraka. Mmoja atoboe mstari wa matundu 15 au 20 kutoka kwenye magugu kwenda kwenye kina, mwenzake afuate na sona. Kwenye maji ya futi 6 kelele ya keekee huwatawanya samaki, kwa hiyo toboa, nenda mbali, rudi baada ya robo saa na utembee taratibu. Kama maji ni maangavu na jua ni kali, uache uji wa barafu tunduni na uzibue nafasi ya kupitisha mshipi tu. Tundu lililosafishwa kabisa hutupa mwali chini na kuwashtua.

Kuhusu mshipi, unaohimili pauni 2 au 3 unatosha. Ndoana yenye kichwa cha metali ya tangisteni cha milimita 3 hadi 5 ndiyo ya kazi, na sababu ni uzito: sentimita moja ya ujazo ya tangisteni ina gramu 19.3, ya risasi ina 11.3. Kichwa kidogo huzama upesi na kuonekana vizuri kwenye sona. Kundi la krapi likiwa chini yako kwa dakika 2, kasi ya kushuka ndiyo inayoamua utapata mmoja au watatu.

Rili, kifaa cha kukunjia mshipi, nayo ina neno. Rili ya kawaida, ambayo mshipi wake huchomoka kutoka kwenye kibiringo kilichosimama, huusokota mshipi, na ndoana huishia kuzunguka polepole huko chini. Blugili mkubwa huja, akasimama inchi 1 mbele ya chambo kinachozunguka, kisha akarudi kinyumenyume. Rili ya gurudumu hufungua mshipi moja kwa moja bila kuusokota. Ukibaki na ile ya kwanza, kila ukishusha isubiri ndoana itulie kabisa kabla ya kuitikisa.

Sasa itazame ndoana yenyewe. Inapaswa kulala mlalo, kama mdudu anayeogelea. Fundo likiwa juu ya kitundu cha kichwa, inalala vizuri. Baada ya kila samaki fundo huteleza mbele na ndoana huning'inia mkia chini. Lirudishe kwa ukucha kila mara. Ni kazi ya sekunde 2, na watu huacha kuifanya ifikapo saa 5 vidole vikishakufa ganzi. Funza mchome upande wake butu wenye vidoa viwili, ngozi tu, asivuje. Aliyevuja huwa gamba tupu, naye hapati samaki.

Kwenye ncha ya fimbo weka springi nyepesi, iiname kidogo kwa uzito wa ndoana. Blugili hang'ati, hufyonza maji na chambo ndani yake, akionja kibaya hukitema papo hapo. Wakati mwingine springi inashuka kwa upana wa punje ya mchele. Mara nyingi zaidi, hasa kwa krapi, springi iliyoinama inanyooka: samaki amefyonza na kupanda, uzito umeondoka kwenye mshipi. Huo ndio mguso ambao wengi hawauoni, maana wanasubiri kuvutwa. Nyanyua kifundo cha mkono inchi 4, basi. Ngozi ya mdomo wa krapi ni nyembamba kama karatasi na ukivuta kwa nguvu inachanika.

Kuhusu kubadilisha samaki, soma sheria za jimbo na za mashindano kabla ya kwenda. Kuna mahali ambapo samaki ukishamtia ndooni ni wako, humwachii ili umchukue mkubwa zaidi. Hapo wekeni kiwango: mathalani, hadi saa 5 hakuna blugili chini ya inchi 8.5 anayeingia ndooni, baada ya hapo inchi 8, na saa ya mwisho yeyote wa kujaza idadi. Bandika rula kwenye ndoo. Macho hudanganya, na kwenye baridi hudanganya zaidi. Hakikisheni aina pia: blugili ana doa jeusi kwenye sehemu ya nyuma ya pezi la mgongo na kipande cheusi kitupu pembeni mwa shavu; mwenye doa jekundu au la machungwa kwenye ncha ya kipande hicho ni jamaa yake, na huenda hahesabiwi.

Baadhi ya mashindano hutaka samaki walio hai. Usimlaze samaki juu ya barafu hata kidogo: kwenye baridi kali matamvua na macho huganda upesi kuliko unavyodhani. Badilisha maji ya ndoo mara kwa mara na uondoe utando wa barafu unaojitengeneza juu. Jambo gumu zaidi ni kina. Kwenye futi 33 mgandamizo ni mara 2 ya ule wa juu, kwa hiyo gesi iliyo ndani ya kibofu cha samaki huwa maradufu anapofika tunduni, na samaki hawa hawana njia ya kuitoa mdomoni. Atapinduka tumbo juu ndooni na huenda akafa hata akirudishwa. Mimi huacha kabisa kuvua kwenye kina kinachozidi futi 30, hata kama sona imejaa nyekundu.

Barafu angavu ya inchi 4 humbeba mtu anayetembea. Ile nyeupe iliyochanganyika na theluji ina nguvu nusu yake, basi itake maradufu. Pima kwa mtaimbo unapokwenda, na vishikizo vyenye misumari, vya kujivutia nje ukitumbukia, vining'inie shingoni, si ndani ya begi.

Anza kurudi mizanini dakika 40 kabla ya muda, maana kuchelewa hukatwa uzito au huondoa timu nzima. Hesabuni samaki mara 2, kila mmoja kwa sauti yake, mkiwa bado kwenye tundu la mwisho. Kama kila mmoja alikuwa na ndoo yake, hapo ndipo krapi wa 9 hujitokeza, na ni vyema ajitokeze mbele ya msimamizi aliye karibu nanyi kuliko kwenye foleni ya mizani.